Wanaokohoa wasiaibishwe dirishani

Mhariri,

Mulago, hospitali ya kilimani hapa Kampala, ilipoanza mwaka 1913 ilikuwa mahali pa kutibia magonjwa ya zinaa, na sidhani ilikuwa rahisi kwa mtu kuonekana akipanda kilima hicho, ilhali enzi za ukoloni Wazungu wa Kampala walikuwa na hospitali yao kwenye kilima cha Nakasero. Ubaguzi huo uliondoka. Fedheha ya ugonjwa tumeirithi.

Katika zahanati moja ya jijini, mgonjwa wa kifua kikuu huitwa dirishani kwa sauti, jina pamoja na ugonjwa wake, kisha hurudi kubanana na wajawazito kwenye benchi. Dawa ni za bure, lakini kwa kawaida humezwa miezi 6 au zaidi, na aliyeaibishwa siku ya kwanza harudi kwa urahisi. Wizara ya Afya iagize wanaokohoa wapokelewe kwanza, wangojee barazani penye hewa, na waitwe kwa namba.

Msomaji,
Kampala