Risala ya wajane na watoto wa mgambo wa Vita vya Kagera kwa Mheshimiwa Mbunge, Bunazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu, Kamanda na maofisa mlioambatana naye, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazee wetu mlioketi mstari wa mbele, ndugu wanakikundi na wananchi wote, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wiki hii umetembea. Jumatatu ulikuwa Kaboya, ukaweka shada kwenye makaburi ya mashujaa wetu. Jumatano ulishinda Mutukula na vijana wanaolinda mpaka, na tumeambiwa ulikula nao ugali na maharage kwenye sahani ile ile ya bati wanayolia wao. Juzi na jana ulikuwa vijijini, ukisikiliza habari za barabara, kahawa na mifugo. Leo Jumamosi, siku ambayo ungepumzika na familia yako, umekuja kwetu. Tunakushukuru kwa moyo wote.

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa. Tunakutana kila Jumamosi chini ya mwembe huu, tunanunua hisa, tunakopeshana ada za watoto na pesa za dawa. Hayo yanakwenda vizuri, sitayarefusha. Kilichotukutanisha tangu mwanzo ni kwamba kila mmoja wetu ana mtu wake aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa mgambo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi nilikuwa na miaka minane. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba, tulivuka daraja la mto Kagera kwa miguu, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika kamba ya mbuzi. Siku chache baadaye daraja hilo likalipuliwa. Nyuma yetu waliobaki waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa. Novemba 2 tulimsikia Mwalimu Nyerere redioni akisema kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga adui tunavyo. Baba alizima redio, akatoka nje. Wiki ile ile alijiandikisha.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, hakuwa askari. Alipewa mafunzo, akapewa bunduki, akavuka mto pamoja na wanajeshi wa JWTZ. Alikuwepo Mutukula ilipotekwa Januari 1979, na Kampala ilipoanguka Aprili 11 alikuwa njiani na wenzake. Alirudi na kipande cha chuma kwenye paja, na chupa hii ya maji. Ndiyo hii iliyo mezani kwako, Mheshimiwa. Imebonyea ubavuni, kifuniko chake kilipotea, mama alikitengenezea kingine kwa kipande cha gunzi. Baba alirudi shambani na hakudai kitu. Kila masika paja lilimuuma, alikaa barazani akilikanda kwa maji ya moto mpaka alipofariki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, askari wa jeshi ana namba, ana faili, ana kikosi kinachomjua. Mgambo aliitwa kijijini, jina lake likaandikwa na mwenyekiti kwenye karatasi, na karatasi nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Mama yangu alipokwenda kuulizia haki ya marehemu mumewe, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, aliambiwa alete hati ya utumishi. Alirudi mara nne. Mara ya nne alibeba chupa hii kwenye kikapu, akaiweka juu ya meza ya karani. Karani alisema chupa si hati. Mama alilia njia nzima, na hakwenda tena.

Ndiyo maana tumeandika daftari. Ni kaunta buku, tumelijaza kwa miaka miwili, mzee kwa mzee: jina, kijiji alichotoka, aliitwa na nani, alipigana wapi, nani wa kikosi chake yupo hai wa kushuhudia. Tunaomba ulichukue. Lifikishe kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, na uombe Serikali iandae orodha rasmi ya mgambo waliopigana, ikikubali ushahidi wa wazee kabla nao hawajaondoka.

La pili, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunaomba wazee hawa na wajane wao wahesabiwe miongoni mwa wanaogharamiwa, kwa maana mwenye miaka themanini hawezi kuuza mkungu wa ndizi kila wiki apate pesa ya sindano.

Kwako Kamanda tuna ombi dogo. Watoto wetu bado wanaokota vyuma mashambani. Mwaka 2017 bomu la mkono lililipuka Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara mkoani kwetu Kagera, likaua wanafunzi. Tunaomba vijana wako wapite mashuleni, wawaonyeshe watoto vitu hivyo vinafananaje na wafanye nini wakiviona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuandalia kahawa ya kutafuna na senene, kama tunavyompokea mgeni wa heshima. Lakini kabla hujasimama kuzungumza nasi, tunaomba wale wazee sita wa mstari wa mbele wasimame, anayeweza kusimama, na asiyeweza ainue mkono, ili uwaone nyuso zao. Majina yao yako ukurasa wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.