Mwanaisha, leseni yake umeiona?

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, presha ya mamako imeteremka kidogo. Barua hii anakuja nayo kakako Hamadi kwa treni, kwa sababu kwenye simu kila nikianza unaniambia, "Baba, nipo kazini."

Jumapili uliposema umepata mwanasaikolojia nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta niulize nini kwanza, na nilipokipata ulikuwa umeshakata. Leseni yake umeiona? Sisemi picha ya mahafali ukutani, wala watu elfu ngapi wanaomfuata mtandaoni. Kenya tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na sheria hiyo ndiyo iliyounda bodi ya kuwasajili. Mtu awe na sauti tamu kiasi gani, jina lake liwe kwenye daftari la bodi. Chukua nambari yake ya usajili, kisha uulize bodini wewe mwenyewe. Usimwulize yeye kama nambari ni ya kweli.

Najua unacheka. Baba karani wa bandari, hata maiti atamdai risiti. Cheka.

Kwamba umeamua mwenyewe kutafuta msaada, bila kuburutwa na mtu, hilo nimewaambia hata wazee wenzangu, ingawa sikutaja ni la nini. Lakini kwa nini nisikie kwa Hamadi kwamba unashuka matatu vituo viwili kabla ya chako, dereva akishika breki kwa nguvu? Kwamba unalala taa inawaka? Miezi mitano tangu ajali ya basi lile, na mimi kila nikikuuliza ni "niko sawa, Baba". Umeyatoa wapi maneno hayo? Usinijibu.

Mamako anasema yule mshauri wa bure wa kazini kwako usingemkataa. Mimi naona ulifanya vizuri. Si kwamba anayelipwa na mwajiri ni mtu mbaya, ila ungetaka kujua mwajiri anaambiwa nini, na nani angekujibu kweli? Huyu wako wa kujitegemea hana bosi. Hilo ndilo zuri lake, na ndilo linaloninyima usingizi. Wa hospitali akiteleza, yuko mkubwa wake wa kumwita. Huyu amekodi chumba ghorofani, kuna viti viwili na boksi la tishu. Akikosea, nani amwone? Basi mwulize: na wewe unasimamiwa na nani? Wenye kazi yao wana mwenzao mzoefu wanayekaa naye mara kwa mara, akawakagua. Akikereka kwa swali hilo, chukua mkoba wako uondoke. Nauli nitakurudishia.

Mwulize pia atakufanyia nini hasa. Binti wa Bi Fatuma, yule muuguzi, ameniambia kwamba kwa kiwewe Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia mbili mwaka 2013. Moja ni tiba ya fikra na tabia inayokilenga kiwewe chenyewe. Nyingine wanaiita kwa herufi, EMDR, unakumbuka ajali huku macho yako yakifuata kidole kulia na kushoto. Hiyo ya macho nilimcheka. Akaniacha nimalize, akasema inasaidia. Anasema mara nyingi vikao huwa kama 8 hadi 12, kwa hivyo atakayekwambia njoo tu kila wiki tutaona mbele ya safari, mwambie akuonyeshe hiyo safari inakwenda wapi. Na dawa si kazi yake. Dawa anaandika daktari wa akili. Mwanasaikolojia akikutolea chupa mezani, hiyo ni biashara nyingine.

Haya, sababu yangu. Agosti 1998 unajua nilikuwa Nairobi, na ya siku ile ya bomu la ubalozi wa Marekani umeyasikia. Usilolijua ni kwamba mwaka uliofuata nilimwendea mtu mmoja hapa mjini aliyejiita mshauri. Sheria haikuwapo. Yeye alikuwa na kibao mlangoni, chai ya tangawizi, na namna ya kuinamisha kichwa mtu akizungumza. Nilikwenda mara nne. Nilimwambia nisilomwambia mamako, habari ya yule mwanamke chini ya kifusi na mkono wake nilioushika, kisha nikauachilia nikakimbia. Wiki ya tano napita barazani, mzee mmoja akanipa pole. Pole ya mkono. Nilipofika nyumbani mamako alikuwa ameshapata habari kwa jirani, ameketi jikoni hajawasha moto.

Sikwenda tena kwa mtu yeyote. Mlango wa nyumba hii ukibamizwa yaliyofuata mnayajua nyinyi. Juzi nilimtazama mtoto wa Hamadi akitoka uani. Alifunga mlango kwa viganja viwili, polepole, akausikiliza. Ana miaka minne. Hakuna aliyemfundisha.

Kwa hivyo usione baba anang'ang'ania makaratasi. Mwulize siri yako inaishia wapi. Wana mipaka yao, kama maisha yako au ya mwenzio yako hatarini, au mahakama ikiamuru, na mkweli atakutajia mipaka hiyo kabla hujafungua mdomo. Mwulize anaandika wapi, na nani mwingine anafungua faili. Tuna sheria ya kulinda data ya 2019, na habari za afya ya mtu zimo kati ya zile nyeti. Mkizungumza kwa simu, mwulize ameketi wapi na nani yuko karibu. Na asikulazimishe usimulie ajali yote siku ya kwanza. Mimi siku ya kwanza nilisimulia yote, nikatoka pale nimeona nimepona.

Leseni, Mwanaisha. Uliza bodini.

Ya pesa: ulizia bima yako kama inawalipa wa kujitegemea, na bei uijue kabla ya kuketi. Beberu mweusi nimemwuza, zimeingia kwenye simu yako leo asubuhi. Si za kodi hizo, na usimpe mtu mkopo.

Mamako anataka kujua kama Idi utakuja. Njoo kwa treni, Hamadi atakungoja stesheni ya Miritini, nimeshamwambia aendeshe kama amebeba mayai. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi alikula rubuni akapotea, sasa tumeweka sufuria mbili na usiku mzima ni tone, tone. Mnazi wa nyuma umeanguka wenyewe, haukumdhuru mtu. Kitasa cha mlango wa mbele nimekibadilisha, kile cha zamani kilikuwa hakishiki mpaka ubamize. Hiki kipya unasukuma kwa kidole tu. Ufunguo wako nimeukunja humu ndani ya karatasi, uangalie usianguke ukifungua.

Babako