Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha Zanzibar: pesa za karafuu zinaishia kwenye makampuni maganda

Assalamu alaykum Mheshimiwa. Nakuandikia kutoka Wete, naomba unisome mpaka mwisho.

Ami yangu ni mtu wa karafuu tangu utoto. Msimu uliopita alipolipwa, pesa ya kuezekea nyumba akaitia kwenye hisa za kampuni moja ya Marekani, kwa simu tu, maana kwenye grupu la WhatsApp kaambiwa hisa moja ni senti mbili za dola na ikifika dola moja basi kishatajirika. Mie nimekuja kujua baadae. Tukakaa barazani baada ya isha nikafungua EDGAR, ule mtandao wa SEC, wasimamizi wa hisa wa kule, bure wala hulipi, nikatafuta ripoti yao ya mwaka, fomu ya 10-K. Ukurasa wa kwanza tu kuna kisanduku, wanaulizwa nyie ni kampuni ganda au sio, na wao wenyewe wametia tiki ndio. Yaani hawana kiwanda, hawana duka, hawauzi kitu, ni jina tu lililosajiliwa. Benki walikuwa na dola hazifiki 5,000 na mkurugenzi wao anawadai zaidi ya hizo.

Halafu nikampa hesabu. Hisa zilizotolewa ni milioni 600, zidisha kwa senti mbili, unapata dola milioni 12, ndo bei ya kampuni nzima sokoni, na benki hawana hata hizo 5,000. Ami akaweka kikombe cha kahawa chini akaniambia hebu piga tena. Nikapiga tena.

Mheshimiwa sisemi kila ganda ni wizi. Zipo zinazosubiri kampuni yenye kazi ya kweli ije iungane nazo, iingie sokoni kwa njia ya mkato. Lakini hata hapo wenye hiyo kampuni inayokuja ndo wanaochukua hisa nyingi, zinatolewa mpya, na mtu kama ami anabaki na vipunje. Kwahiyo lazma utazame nani anaishikilia na huko nyuma kafanya nini, madeni yanaweza kugeuzwa hisa au vipi, na siku ukitaka kuuza mnunuzi yupo kweli? Na matapeli wanazipenda mno hizi, wanazinunua kwa bei ya chini, wanazipigia debe, bei ikipanda wanauza zao wanaondoka. Mwezi wa Mei 2012 SEC ilisimamisha biashara ya hisa za makampuni 379 yaliyolala ya aina hii kwa siku moja, kwa kuhofia mchezo huo huo. 379, siku moja!

Najua masoko ya mitaji yana mamlaka yake, CMSA, lakini watu wanaoumia huku ni watu wako. Kaa nao itoke karatasi moja ya Kiswahili chepesi, ioneshe kile kisanduku kiko wapi, hesabu ya hisa mara bei inapigwaje, na ripoti inasomwa wapi bure, kisha ibandikwe kwa masheha na kwenye vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali, vya kununulia karafuu, pale pale mtu anapopokea pesa yake. Semina za hotelini ami hendi, na wenzake hawendi.

Naomba iwe kabla ya malipo ya msimu huu. Karafuu zishaanza kuanikwa majamvini, na jana ami kaniuliza kuhusu kampuni nyengine.