Pipi za THC zimejaa sheli za Texas

Ndugu Mhariri,

Naishi Houston na nina watoto, naomba nafasi niseme kuhusu hizi pipi za hempu (mmea wa jamii ya bangi) zenye THC, yaani kile kinacholewesha kwenye bangi, maana huko nyumbani watu wanadhani bangi Marekani imeruhusiwa kila mahali, sio kweli kabisa. Shida ilianzia kwenye sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018, walisema mmea ukiwa na delta 9 THC (ile THC ya kawaida ya bangi) isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu basi hiyo ni hempu sio bangi. Sawa kwa majani, ila pipi moja ya gramu 4 kwa hesabu hiyohiyo inabeba hadi miligramu 12 za THC, hiyo inakulewesha vizuri tu! Afu wajanja wakawa wanageuza CBD, kemikali ya hempu isiyolewesha, kuwa delta 8, aina nyingine ya THC, maabara, inauzwa sheli pembeni ya bigijii.

Jimbo la Minnesota angalau walikaa wakafikiri, 2022 wakaweka mwisho miligramu 5 za THC kwa kipimo kimoja, 50 kwa pakiti, na mnunuzi awe na miaka 21. Huku Texas bunge likapitisha marufuku, gavana Abbott akaipiga veto Juni 2025, Septemba akaagiza mnunuzi awe na miaka 21 na vitambulisho vikaguliwe, yaani vurugu tupu.

Mimi marufuku siitaki, watu watanunua uchochoroni tu. Nataka kipimo kiandikwe kwa herufi kubwa mbele ya pakiti na zile zinazofanana na peremende za watoto ziondolewe, wabunge wa Texas kule Austin wanashindwa nini hapo?

Msomaji wenu,
Houston, Texas