Digrii ya Tehama siyo ufundi simu jamani

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi nitoe la moyoni. Nipo mwaka wa 3 nasoma digrii ya Tehama, na kila nikikutana na ndugu lazima mmoja aniletee simu iliyogoma kuwaka, eti si ndo unachosomea. Sijui hata pa kuanzia!

Wanaotaka kuja huku wajue kabisa kwamba hesabu zipo, tena nyingi. Kwenye somo la mitandao tunakaa tunagawa anwani za IP (namba za kutambulisha kompyuta kwenye mtandao) kwa mkono, biti 32 zile, yaani sifuri na moja, unazihesabu moja moja ndo ujue kompyuta ngapi zinaingia kwenye mtandao mmoja, ukikosea biti moja tu jibu lote limeharibika, na hapo bado hujafika kwenye IPv6, toleo jipya la anwani hizo, lenye biti 128. Databesi nayo, utaanza na wazo la kupanga data kwenye majedwali alilolitoa mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970, mi mwanzoni nikasema haya mambo ya kizee ya nini, kumbe SQL, lugha ya kuiuliza databesi, ninayoandika kila siku imetokea humohumo.

Kinachoniuma mimi ni mtihani wa programu kuandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Kodi ya programu uliyoandika haiwezi kujaribiwa pale, nukta mkato ukiisahau maksi zinaondoka, wakati kazini kompyuta yenyewe ingekuonyesha kosa lilipo. Walimu watupe maabara na mashine tufanyie humo, hata kama itabidi tuingie kwa zamu.

Mwanafunzi wa Tehama