Filamu nilizoangalia: barua kutoka Katuba

Lubumbashi, Katuba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tuko wazima, watoto wanasoma vizuri, na mama anakusalimia sana. Anauliza kama huko Arusha umepata mtu wa kukuuzia unga wa muhogo uchanganye na wa mahindi, au umeshakubali kula bukari, ugali wetu, ya mahindi matupu.

Uliniambia nikuandikie filamu nilizoona siku hizi, na ukaniomba nisikujibu kwa maneno mawili. Basi tafuta kiti. Mtoto wa mjomba alituletea flash iliyojaa sinema za kwetu, na kwa kuwa siku hizi umeme unapenda kurudi usiku, tumekuwa tukizikesha, sebule imejaa, majirani wengine wamekaa mlangoni.

Nianze na ile iliyonishika kuliko zote. Inaitwa Makala, yaani makaa kama mnavyosema huko, ya mwaka 2017. Aliyeitengeneza ni Mfaransa, Emmanuel Gras, na mwaka huo huo ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Haikutungwa. Ni maisha ya mtu mmoja wa kijiji cha Walemba, Kabwita Kasongo, anayekata mti, anachoma makala, anapakia magunia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka Kolwezi, kilomita kama 50. Ndiyo filamu nzima. Nilipomsimulia mume wangu akauliza, “Halafu?” Hakuna halafu, dada. Lakini alipokaa kuangalia, hakuinuka tena.

Mti peke yake unachukua muda mrefu. Mti mkubwa ajabu, mtu mwembamba, shoka moja. Unasikia kila pigo. Mtengenezaji mwingine angekuonyesha mapigo matatu, kisha mti uko chini na tunaendelea. Huyu anakuacha hapo hapo mpaka mabega yako nayo yanaanza kuuma. Kisha tanuri: magogo yanapangwa, yanafunikwa udongo, na moto unaachwa uunguze polepole ndani kwa ndani bila kuwaka. Upepo ukipata tundu la kuingia, kazi yote inageuka majivu. Sisi tumekulia kando ya mbabula, jiko letu la makala, makala yamepika kila tulichokula tangu utotoni, lakini kazi hii sikuwahi kuiona tangu mwanzo mpaka mwisho. Nadhani watu wengi wa mjini hawajaiona.

Njiani ndipo sebule ilianza kusema. Unakumbuka mama aliuza makala pale getini, kwa mafungu? Sasa akawa mwalimu wetu. “Angalieni mdomo wa gunia,” alisema. Mzigo haukomei kwenye gunia, unapanda juu yake, unazuiwa kwa nyasi na kamba zilizopishanishwa kama wavu, na mama anasema mfungaji mzuri utamjua hapo, kwa sababu kamba ikilegea, barabara itakula faida yote kabla hujafika. Alitueleza pia kwamba chini ya gunia daima kuna vumbi lisilouzika, na mnunuzi mjanja huligonga gunia kwanza asikilize. Basi kuna mahali mzigo wa Kabwita unaangushwa barabarani, na kuna watu wanaomdai hela ili wampishe. Mama akasimama. “Asitoe! Asitoe kitu!” Alitoa, angefanya nini. Mama akatoka nje kidogo, akarudi.

Malori yanapita karibu naye kabisa, vumbi linamfunika mpaka humwoni, kisha linashuka, na yeye bado anasukuma. Kuna muziki wa chelo humo, ile ala kubwa ya nyuzi, ni mzuri, lakini mimi nilipenda zaidi muziki uliponyamaza na kubaki mlio wa magurudumu na pumzi yake.

Anachokitafuta ni mabati ya nyumba anayotaka kujenga. Anapouliza bei yake, mama alikuwa ameshapiga hesabu kwa vidole na kusema hela hazitatosha, kabla Kabwita mwenyewe hajajua. Mwishoni yuko kwenye maombi, usiku, na sala zile ni zetu, na Kiswahili anachoongea ni chetu, cha Katanga, hakuna aliyekisafisha kwa ajili ya wageni. Nimeshaona filamu nyingi zinazomwonyesha maskini wa Kongo ili mtazamaji amhurumie. Hii inamwonyesha fundi. Anajua mti, anajua moto, anajua uzito. Kwangu hiyo ndiyo heshima, na ndiyo sababu ninaiweka juu ya nyingine zote.

Ya pili ni Augure ya Baloji, mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi. Wewe ulimjua kwanza kama mwanamuziki. Hii ilipata tuzo ya sauti mpya Cannes mwaka 2023, katika kitengo cha Un Certain Regard, na sehemu ya picha zilipigwa kwetu. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu, Alice, mwenye mimba, ili aijue familia. Familia inamwogopa tangu alipozaliwa kwa sababu ya alama aliyo nayo usoni. Wanakaa mezani, anapewa mtoto mchanga wa dada yake ambebe, na pua inaanza kumtoka damu, inamdondokea mtoto. Dada, sebule nzima ilikaa kimya! Kila mmoja wetu ana shangazi ambaye angepiga kelele vile vile, na unajua ni watoto wangapi katika nchi hii wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, mchawi, wakaishia kulala sokoni.

Kwa macho ni filamu ya ajabu. Mavazi, rangi, kundi la vijana wa mitaani waliovaa magauni ya waridi, mambo ambayo hujui kama ni ndoto au ni mtaa wa pili. Nilifurahi kuona mji wetu unaota, badala ya kuonyeshwa kila mara kwa mashimo na vumbi la migodi. Lakini Baloji amegawa hadithi kwa watu wanne, wote wamewahi kuitwa wachawi, na kila nilipomzoea mmoja alininyang’anya akaniletea mwingine. Kinachoniuma ni mama yake Koffi, Mujila. Anakuja mwishoni. Tumeshakaa muda wote tukimwona kama jiwe, mama asiyemkumbatia mwanawe, ndipo tunagundua kwamba naye alipitishwa kwenye moto huo huo. Ningependa aanze yeye. Mume wangu anasema hapana, bila kumchukia kwanza tusingemwelewa. Tumebishana jambo hili mpaka leo, na mimi sijaacha msimamo wangu. Niambie wewe uko upande gani.

Kuna ndogo nyingine ya dakika kama kumi, Machini, ya mwaka 2019, ya vijana wawili wa hapa, Frank Mukunday na Tétshim. Ni michoro inayotembea, wametumia chaki na mawe, na inazungumzia viwanda na sumu ya migodi. Watoto waliidai irudiwe. Itafute, haimalizi data yako.

Ya mwisho ni ndefu, saa mbili na nusu: Soundtrack to a Coup d’Etat, ya Mbelgiji Johan Grimonprez, ya 2024. Inafunga pamoja jazi ya Wamarekani weusi na kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Mengi niliyajua, ila sikuwa nimekaa nikafikiri kwamba Louis Armstrong alikuja kupiga tarumbeta Kongo mwaka 1960, mpaka hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, wakati Lumumba amezuiliwa nyumbani kwake Léopoldville, Kinshasa ya leo, na tarehe 17 Januari 1961 wakamuua nje kidogo ya mji huu. Watu walipiga makofi katika mji ule ule! Na mwezi uliofuata Abbey Lincoln na Max Roach, wanamuziki wa jazi, wakaingia New York kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupaza sauti dhidi ya mauaji hayo. Filamu yenyewe inakimbia mno, maandishi yanapita kabla hujayamaliza, tulikuwa tunasimamisha kila mara nimtafsirie mama Kifaransa. Hata hivyo iangalie, na uiangalie na mtu mzima aliyekuwa hai wakati ule, maana mama alikumbuka mambo ambayo hajawahi kutuambia. Hayo nitakuandikia barua nyingine, ni mengi.

Tangu Makala nimekuwa nikiwaza filamu ambayo ningependa mtu aitengeneze: mama mmoja wa Kasumbalesa anayevusha unga kutoka Zambia, tangu anapoamka mpaka gunia la mwisho linapoisha sokoni kwetu. Bila kusimuliwa na mtu, bila chelo. Kamera imfuate tu, ione anavyofunga mzigo, anavyoongea na wa mpakani, anavyoficha hela. Wewe uliyevuka pale mara nyingi ungejua hata aanzie saa ngapi.

Flash nitaijaza tena nikutumie. Jirani yetu ni dereva wa lori, anapita Tunduma mwishoni mwa mwezi, amekubali kuiacha kwa binamu yako wa Mbeya. Mwambie binamu asiifute, kuna picha za ubatizo humo. Na wewe nirudishie za huko, zenye Kiswahili, mama amechoka kutafsiriwa.

Ni mimi, dada yako wa Katuba.