Nyau hana kosa

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwajuma,

Za huko? Sisi hatujambo, ila jicho la kushoto ndilo lililonichelewesha kukujibu. Hata sasa naandika nimelifumba, usiucheke mwandiko.

Ule ukungu jichoni ulioudhania presha, haukuwa presha. Matone ya dukani nilitia wiki mbili, yakaniongezea machozi tu. Alhamisi nikaenda kliniki ya macho. Wakanitia dawa ya kupanua mboni, nikakaa benchini nusu saa, uwanja mzima unawaka kama bati jipya saa sita mchana. Halafu kidevu kwenye kibao, paji kwenye mkanda, "usipepese, dada," mwanga pwaa!

Daktari akanigeuzia skrini. Mwajuma, ndani ya jicho ni rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mizizi ya mkoko. Pembeni pana kovu jeusi, na ubavuni mwake doa jeupe, kingo zimefifia, kama taa ya basi linaloshuka Lushoto alfajiri ya ukungu. Jeusi ni la zamani, akasema, huenda tangu tumboni mwa mama. Jeupe ndilo bichi. Kimelea kinaitwa toksoplazma. Hulala kwenye retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, miaka na miaka, kisha huamka palepale ukingoni mwa kovu lake.

Aliniuliza kama nimewahi kuishi Mahenge, akiwaza usubi, ule ugonjwa wa huko unaopofusha. Nikamwambia Mahenge naisikia redioni.

Mbona hamkupima damu tu? nikauliza. Akasema watu wengi wana kingamwili za kimelea hiki na macho yao mazima. Damu ingemwambia nimewahi kukutana nacho, isingemwambia kama ndicho kinachonitafuna leo. Picha ndiyo iliyosema. Mashine nyingine ikanionyesha retina tabaka kwa tabaka, kama chapati iliyokatwa ubavuni: uvimbe haujafika pale katikati tunapotumia kusomea. Hapo ndipo nilipopumua.

Sasa, najua unataka nimtupe Nyau, eti paka ndiye aliyeniambukiza. Paka hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi wiki moja au mbili hivi, mara nyingi akiwa bado mdogo, basi. Watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa, udongo. Mishikaki ile tuliyokuwa tunaila ingali na damu, umeisahau? Na kama kovu ni la tumboni, siku hizo hata bibi yake Nyau alikuwa hajazaliwa.

Nameza Septrin asubuhi na jioni. Vidonge vya kupunguza uvimbe nilianza siku ya tatu, maana vikitangulia peke yake kimelea kinapata nafasi. Mwezi ujao wanapiga picha nyingine walinganishe: doa likinywea na kingo zikianza kuwa nyeusi, linapona. Yaani naomba dua nipate kovu!

Msalimie mama. Ukija Idi niletee miwani ya jua, ile kubwa ya kujificha. Nyau amelala juu ya bahasha, nangoja aamke.

Wako,
Zuhura